Utingo wa karatasi: kitabu cha barabara za kaskazini ya mbali

Nakala ninayoitolea maoni haina jalada. Mpwa wangu aliinunua kwa dola tano za Kanada kwenye meza ya vitabu vya mitumba kule Edmonton anakofanya kazi ya uuguzi, na mwenye nayo wa kwanza alishachana kurasa za mbele, labda kuwashia moto. Kwa hiyo msiniulize jina wala picha ya juu. Ni toleo la 2016, ukubwa wa jarida, unene wa mche wa sabuni, na kazi yake ni moja tu: kueleza barabara za Alaska, Yukon na kaskazini magharibi ya Kanada kilomita kwa kilomita. Kuna ramani kubwa ya kukunjua ambayo tayari ilikuwa imechanika kwenye mikunjo. Tuliibandika kwa plasta ya hospitali.

Mimi ni dereva. Nimevuta semi kati ya Dar, Tunduma na Lusaka, baadaye mpaka Lubumbashi, miaka 26, na sasa nimepumzika hapa Uyole, Mbeya, na viazi vyangu. Mwaka 2023 binti wa dada yangu aliniita nikamtembelee, akasema ana likizo ya wiki tatu na Toyota ya zamani inayovuta kwa magurudumu yote manne, twende kaskazini mpaka barabara iishe. Aliponionyesha kitabu nilicheka. Nikamwambia, mama, barabara haisomwi, barabara inaendeshwa.

Kwetu maarifa ya njia yamo midomoni. Ukikabidhiwa gari mara ya kwanza unakabidhiwa na maneno: Kitonga shuka na gia ambayo ungepandia, Mlima Nyoka usizitegemee breki, ukikuta majani yametandikwa lamini jua mbele kuna gari limelala. Baba yangu alibeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960, njia ikiwa bado vumbi na tope, na maneno yake mengine ninayatumia hadi leo ingawa kona alizozisema zilishanyooshwa. Sasa mtu ananiletea hayo maneno yameandikwa, tena kwa herufi ndogo kama za maelezo ya dawa.

Basi tukaondoka Edmonton, siku ya pili tuko Dawson Creek ambako barabara kuu ya Alaska inaanzia, na yeye akafungua kitabu magotini. Hapo ndipo nilipoelewa nimepewa utingo, yule msaidizi wa dereva. "Mjomba, kilomita mbili mbele mteremko asilimia nane, halafu daraja, halafu kona kali kushoto." Kilomita mbili baadaye: mteremko, daraja, kona kali kushoto. Dereva yeyote wa magari makubwa anajua thamani ya sentensi ile. Anayekuambia kuna mlima mbele hajakusaidia, maana mlima unauona. Cha maana ni mlima umelala kwa asilimia ngapi, kwa urefu gani, na chini yake kuna nini, ili uchague gia ukiwa juu. Kitabu kinasema vyote vitatu. Kinasema na nafasi za kuegesha: iko upande upi, ina lami au changarawe, na kama ina mlango mmoja au miwili. Mwenye tela ataipigia makofi hiyo ya milango miwili, maana kurudisha tela nyuma kwenye nafasi ya mlango mmoja ni adhabu.

Kidogo nijivune hapa. Sehemu ya juu kuliko zote kwenye barabara hiyo yote maarufu, mahali panapoitwa Summit Lake, ni mita 1,295. Mpwa wangu alisoma kwa sauti ya heshima kabisa. Nikamuuliza Soko la Mwanjelwa liko mita ngapi. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700! Tulipita kilele chao nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja.

Kitabu hakihubiri historia, kinakutupia mistari michache unapofika mahali penyewe, na ndivyo ninavyopenda. Kwenye mto Sikanni Chief tulisimama kwa sababu yake. Barabara ile jeshi la Marekani liliitoboa mwaka 1942, ikaanza Machi na ilipofika Oktoba pande zote zilikuwa zimekutana, na karibu theluthi ya askari walioijenga walikuwa Wamarekani weusi. Daraja la kwanza la mbao pale Sikanni Chief walilijenga wao, chini ya siku nne, wengine wakiwa ndani ya maji ya baridi mpaka kifuani. Kwetu nimekaa Inyala, njia ya Mbeya, siku tatu nikisubiri kreni ije kuondoa lori moja. Nilishuka nikayatazama yale maji, nikatia mkono, nikautoa upesi.

Watson Lake nayo tuliambiwa mapema tujiandae, nasi tukajiandaa. Mwaka huohuo wa 1942 askari mmoja, Carl Lindley, alikumbuka kwao Illinois akapigilia kibao chenye jina la mji wake na umbali. Waliofuata wakapigilia vya kwao, na leo ni msitu wa vibao zaidi ya 80,000. Mimi nilikuwa nimetoka na kibao cha mninga kwenye begi, nimekiandika UYOLE kwa rangi nyeupe. Nimekipigilia chini ya kibao cha mji fulani wa Ujerumani. Atakayepita anisalimie.

Sasa malalamiko, na la kwanza nusu yake ni langu. Kati ya Fort Nelson na Watson Lake kitabu kilionyesha nyumba ya wageni yenye pampu. Kwa kuamini hilo nilikataa kujaza tanki nyuma, nikakwepa senti kumi na kitu kwa lita. Tulipofika tulikuta mbao zimepigiliwa madirishani, pampu zimefunikwa mifuko myeusi, majani yameota mpaka kwenye ngazi. Mpwa wangu hakusema kitu kwa muda, halafu akasema taratibu, "Mjomba, kitabu ni cha 2016." Dereva wa miaka 26, anakaribia kukauka mafuta porini kwa sababu ya ubahili! Tulikokotoa: sheli inayofuata kilomita 64, sehemu kubwa njia inafuata mto. Nikazima kila kinachozimika, nikashika spidi 70 bila kupanda wala kushuka, mistari ya kitabu ikawa inasomwa kama tasbihi, na taa ya mafuta ilikuwa imeshawaka muda mrefu tulipoona pampu yenye mtu. Nilijaza tanki, nikanunua na dumu jekundu la lita 20, likakaa nyuma yangu mpaka mwisho wa safari.

Kwa hiyo mtu asije akafanya kama mimi akanunua nakala kuukuu kwa ubahili. Vitabu vya namna hii hutolewa upya kila mwaka, na sababu ndiyo hiyo: mlima hauhami, ila sheli inakufa. Ukiwa na nakala ya zamani, kila mahali penye mafuta papigie simu ukiwa bado na mtandao.

Kuna jambo lingine linalochanganya mwanzoni, na wala si kosa la kitabu. Barabara ile imenyooshwa mara nyingi tangu 1942, kwa hiyo imekuwa fupi, lakini sehemu bado zinaitwa kwa namba za maili za zamani. Duka linajiita maili fulani, wewe geji inakuonyesha umeshapita au hujafika. Nilidhani wameharibu hesabu, baadaye nikakumbuka kwetu. Nenda mtaa wa Mafiati hapa Mbeya leo ukatafute magari ya Fiati. Kitabu kinatoa umbali wa kweli na namba ya kwenye nguzo pembeni, ukishazoea macho yanajua ya kuruka.

Visa yangu ilikuwa ya Kanada tu, kwa hiyo kurasa zote za Alaska, ambako ni Marekani, nilizisoma kitandani kama hadithi. Kutoka Whitehorse tulikata kwenda Dawson City, na kutoka hapo tukaingia Dempster. Hii ndiyo barabara ambayo kitabu kinalipia dola zake tano na hata hamsini.

Dempster ni kilomita 736 za changarawe mpaka Inuvik. Ilifunguliwa 1979. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima, na ikiyeyuka barabara inazama, ndiyo maana wameinyanyua juu ya tandiko la changarawe ambalo mahali pengine linazidi mita mbili, kama mtu aliyefunika barafu kwa blanketi isione jua. Ukiteleza nje ya njia hurudi kirahisi, kingo ni laini na tuta liko juu. Kutoka mwanzo wa njia mpaka Eagle Plains ni kilomita 369 bila sheli yenye mtu katikati. Bila mtandao wa simu pia. Simu ya mpwa wangu ilionyesha mstari mmoja wa kijivu kwenye uwanja mtupu, na nukta ya bluu ambayo ni sisi. Kitabu, kwa mstari uleule, kilikuwa na kurasa kadhaa: kijito ambacho mawe yake ni mekundu kwa chuma, mahali barabara inapopanuliwa kwa sababu ni uwanja wa dharura wa ndege (usipaki hapo!), mahali miti inapoisha.

Kilinionya pia kuhusu mawe. Changarawe ya kule ni mawe bapa yanayopasuka kuwa na ncha kama vigae vya chungu, na kitabu kinataka ubebe tairi mbili za akiba. Mpwa wangu aliona ni gharama ya bure, nikamwambia kwenye tairi msikilize mjomba na kitabu kwa pamoja. Tukanunua ya pili Dawson City, ya mitumba.

Kama kilomita 260 hivi nilisikia. Dereva anasikia kabla ya kuona, ule mluzi mwembamba wa nyuma kushoto, halafu usukani unaanza kuwa mzito kama unavuta ndoo. Nikauliza, "Wapi pa kusimama?" Kidole chake kikashuka kwenye ukurasa. "Mita 800, kulia, changarawe, milango miwili." Nilikwenda mwendo wa kutembea na taa za dharura, maana kusimama pale kwenye kingo ile laini jeki ingezama. Nafasi ilikuwepo palepale. Nilipofungua mlango, mbu walinipokea kama makondakta wa stendi ya Nane Nane, kila mmoja anavuta upande wake. Saa sita na nusu ya usiku, jua liko juu ya kilima, ninabadilisha tairi bila tochi huku mpwa wangu ananipepea kwa kitabu. Jiwe nililochomoa kwenye lile tairi ninalo mezani hapa ninapoandika, jeusi, bapa, kubwa kidogo kuliko ukucha. Alama ya kidole gumba changu chenye grisi iko kwenye ukurasa ule, na nadhani ndiyo muhuri wa kununuliwa kwake. Eagle Plains fundi akaziba pancha, tukala, tukajaza na dumu.

Mbele kidogo, kilomita 405, ni mstari wa duara la Aktiki. Kuna kibao, watu wanapiga picha. Tulipiga.

Kitabu kilikuwa kimeahidi pia mnyama wa nchi za baridi anayeitwa caribou, anayefanana na swala, makundi makubwa yanayoikata barabara wakati wa vuli. Kila mpwa wangu akisoma lile jina mimi naitikia "asante, nimeshakaribia." Sisi tulipita Julai. Hatukukaribishwa na hata mmoja. Dubu tulimwona, wa kahawia, anakula majani pembeni kama ng'ombe wa jirani, na kwa ajili yake ugali tulikuwa tunaulia ndani ya gari madirisha yamefungwa.

Nguzo za kilomita zinafika 465 kwenye mpaka wa Yukon na Northwest Territories, halafu zinaanza sifuri upya. Asiye na kitabu anachanganyikiwa hapo kama aliyeamshwa usingizini. Sisi hesabu yetu iliendelea moja kwa moja. Halafu pantoni mbili, Peel na Mackenzie, hakuna daraja. Pantoni ya Peel inavutwa kwenye waya, gati ni changarawe inayosukumwa na tingatinga kufuata kina cha maji, na nauli ni bure. Kitabu kilishatuambia hakuna pantoni wakati barafu inapovunjika wala inapoanza kuganda, ni kusubiri tu upande uliopo. Nimesubiri mizani kwa siku nzima, nimesubiri foleni ya Tunduma kwa wiki, lakini kusubiri mto uamue ni jambo lingine.

Inuvik kitabu kikaisha.

Namaanisha kiliisha kweli. Barabara ya Inuvik mpaka Tuktoyaktuk, kwenye Bahari ya Aktiki yenyewe, kilomita 138 hivi, ilifunguliwa Novemba 2017. Nakala yetu ni ya 2016. Kwa nakala yetu, kwenda Tuktoyaktuk kwa gari ni kusubiri mto ugande upite juu ya barafu wakati wa baridi, na hiyo njia ya barafu yenyewe ilishafungwa barabara mpya ilipokuja. Tulikwenda. Na ni ajabu jinsi nilivyojisikia kipofu. Barabara si mbaya kuliko Dempster, tena nyembamba kidogo tu, maziwa kushoto maziwa kulia, lakini nilikuwa nimeshazoea sauti ile. Kila kona nilijikuta nageuza shingo kumtazama mpwa wangu. Naye amekaa na kitabu kimefungwa magotini, anasema, "Mjomba, mimi mwenyewe sijui." Tulikwenda polepole kuliko popote. Pale baharini nilivua viatu nikaingia mpaka vifundoni, nikahesabu kumi kwa Kinyakyusa, nikatoka.

Kasoro kubwa kuliko zote nimeiweka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo tulipokutana nayo: kurudi. Kitabu kimeandikwa kwa mtu anayekwenda kaskazini. Ukigeuza gari, kila mstari unausoma kutoka chini kwenda juu, kushoto kunakuwa kulia, mteremko unakuwa mlima, na umbali unatoa 736 kwanza. Mimi ambaye nimeendesha upande wa kushoto maisha yangu yote nilikuwa tayari nina kushoto na kulia viwili kichwani, hiki kikaniongezea cha tatu. Siku ya pili ya kurudi mpwa wangu alisema "kulia" kwa sauti ya uhakika nikaingia kwenye njia ya mtu binafsi, mbwa watatu wakatusindikiza mpaka tukageuza. Baada ya hapo alichukua kalamu akawa anatoa hesabu pembezoni mwa ukurasa, na ndiyo maana nakala yetu sasa imejaa namba kama daftari la mangi.

Na matangazo. Yamechomekwa katikati ya mistari ya barabara, unasoma mteremko, daraja, keki bora za mdalasini, mteremko. Yameandikwa kuwa ni matangazo, hawadanganyi, ila utingo anayenadi keki katikati ya mlima ningemshusha.

Je, ununue? Kama unakwenda kule, nunua jipya na ubebe penseli. Kama unakwenda na mtu wa kukusomea, mara mbili zaidi. Kama uko peke yako, soma sehemu ya kesho usiku uliotangulia ukariri sheli na nafasi za kuegesha. Usisome huku unaendesha, mistari ni midogo mno na kingo hazisamehi. Nakipa nyota nne, na nyota ya tano wangeipata wangechapa upande wa kurudi.

Mpwa wangu alinipa kitabu nije nacho. Kimekaa kwenye kabati Uyole wiki chache, kisha nikaanza kukisumbua. Mwanangu wa kiume ana Fuso, anachukua mizigo ya Chunya, na sasa kapata mteja wa Itigi. Mbeya mpaka Chunya kilomita 72 lami, kisha Makongolosi 39 lami, halafu mbele huko Rungwa mpaka Itigi ni pori la kweli, na aliyekuwa akilijua vizuri ni rafiki yangu mmoja aliyefariki mwaka juzi na maneno yake yote. Nilinunua daftari la kurasa 96 nikakaa kwenye kiti cha utingo, mwanangu anaendesha, mimi naandika. Sifuri ni pale unapoiacha lami ya Tunduma. Kona, upande, kama tela linageuka, mti upi una kivuli, wapi maji, mama gani anauza chai mpaka usiku, kijiji kipi kina mafuta ya madumu na nimeuliza mara ngapi.

Nilimtumia mpwa wangu picha ya ukurasa wa kwanza. Akajibu, "Mjomba, na kurudi je?" Nimegeuza daftari juu chini, nikaanza upya kutoka jalada la nyuma, Itigi ikiwa sifuri. Kwa hesabu yangu pande mbili zitakutana katikati, pale kwenye zile pini mbili za chuma, karibu na Rungwa.